Tuanze na Anayechoka Mapema

Katika ukoo wetu safari huzaliwa kama harusi. Mmoja anatupia picha kwenye kundi la WhatsApp, wa pili anajibu kwa vidole gumba, na chai haijapoa tayari kuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina na ubishi kuhusu rangi ya fulana. Picha iliyotuanzishia mambo ilikuwa ya maporomoko ya Sanje, katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa: mwamba mweusi, msitu pande zote, na maji meupe yanayoshuka kutoka juu kiasi kwamba chanzo chake hakikuenea kwenye picha. Uratibu nikapewa mimi kwa sababu naishi Morogoro mjini, na kwa ndugu zangu wa Dar es Salaam mtu wa Morogoro anaishi jirani na kila kitu.

Mpango wa kwanza niliukuta umeshapikwa na binamu zangu. Kosta itoke Dar Ijumaa usiku, alfajiri iwe Sanje, watu wapande, waoge, wapige picha, jioni wageuze. Ulikuwa mpango wa dereva. Ulijibu maswali yote ya gari, yaani mafuta, saa na mahali pa kuchimba dawa, na haukujibu hata moja la miguu. Na Udzungwa ni hifadhi ya miguu. Huko hakuna barabara za kuzunguka na gari ukichungulia simba dirishani kama Mikumi au Serengeti. Gari linaishia bondeni, kwenye kituo cha askari wa hifadhi, na kuanzia hapo kila mtu anajibeba mwenyewe.

Nikauliza kwenye kundi: kati yetu, nani atachoka kwanza?

Kimya. Watu waliokuwa wakibishana kuhusu fulana tangu asubuhi wote wakapotea hewani. Ni swali la aibu, kama vile umemwambia mtu amezeeka au amenenepa. Baadaye ukaingia ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mdogo: "Ni mimi, mwanangu. Goti langu la kushoto unalijua. Ila nakuja, msije mkaniacha."

Ndipo nikapata pa kuanzia. Katika kupanga safari za watu wengi nimeona jambo moja likijirudia: anayeratibu huhesabu kwa kumtazama mwenye nguvu kuliko wote, mara nyingi yeye mwenyewe, kisha wengine wote wanageuka kuwa wachelewaji. Ukianza kuhesabu kutoka kwa anayechoka mapema, saa zinajipanga zenyewe. Mzunguko wa Sanje, kwa mtembeaji wa kawaida, ni safari ya kama saa nne kupanda na kushuka. Mama mdogo anaweza kupanda kidogo kidogo kwa saa moja, labda moja na nusu, akipumzika. Kwa hiyo lazima aanze kabla jua halijapanda. Kwa hiyo lazima alale karibu, Mang'ula, yalipo makao makuu ya hifadhi. Kwa hiyo hakuna kosta ya usiku. Tunatoka mchana, na asiyeweza kuomba ruhusa kazini Ijumaa atatukuta huko. Kwa hiyo tunahitaji waongozaji wawili badala ya mmoja, ili kundi likikatika katikati ya msitu kila upande uwe na mtu wa hifadhi. Haya yote yametoka kwenye goti moja.

Sababu ya mama mdogo kung'ang'ania kuja niliielewa baadaye. Katika ujana wake aliishi Kidatu. Marehemu mumewe alikuwa mmoja wa vibarua wa ujenzi wa bwawa la umeme kwenye Mto Ruaha Mkuu, lile ambalo mitambo yake ina uwezo wa megawati 204, kisha akahamia kwenye miwa. Miaka hiyo yote, akipita barabara ya kwenda Ifakara, alikuwa akiona mstari mweupe kwenye ubavu wa mlima. "Kila siku nauona, na kila siku nina jembe mkononi," aliniambia. "Nani angeacha kulima akaenda kutazama maji?"

Mwezi nao ulileta maneno. Wengi walitaka Pasaka, kwa kuwa kuna likizo, au Desemba, kwa kuwa kila kitu cha ukoo wetu hufanyika Desemba. Nilizikataa zote mbili. Pasaka huangukia masika, na upande ule wa Udzungwa unapata mvua nyingi kwa sababu unatazamana na Bahari ya Hindi: mawingu yanayopita juu ya bonde la Kilombero yanagonga mlima na kumwaga mzigo wake pale pale. Maporomoko wakati huo yana fahari ya ajabu, lakini njia inateleza, mawe yana utelezi wa kijani, na mwenye goti bovu hana lake huko. Desemba nayo mvua zinakuwa zimeshaanza. Tukabaki na Julai, shule zimefungwa na njia imekauka.

"Si tutakuta maji yameisha?" aliuliza binamu mmoja, na swali lake lilikuwa la haki, maana wengi tumeshalipa nauli kwenda kuona maporomoko tukakuta ukuta uliolowa. Jibu liko kwenye msitu wenyewe. Udzungwa inajulikana kwa kitu ambacho ni nadra Afrika Mashariki: msitu uliofunga tangu chini kabisa, kama mita 250 juu ya usawa wa bahari, ukapanda bila kukatika hadi zaidi ya mita 2,000. Mvua ya masika haikimbii yote siku ile ile. Inanyonywa na majani yaliyooza, mizizi na udongo, kisha inaachiwa pole pole miezi ya ukame. Julai maji ya Sanje ni machache kuliko ya Aprili, lakini yapo, na unaweza kuyasogelea.

Tulikuwa na shemeji Mkenya, mzaliwa wa Voi, aliyemuoa binamu yangu. Kundi zima lilimhurumia mapema kwa kudhani atalipa kiingilio cha wageni, kwa dola. Sivyo. Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki analipa kwa shilingi kama sisi, mradi awe na kitambulisho, kwa hiyo kitambulisho kikawa kitu cha kwanza kwenye orodha, kabla ya chapati. Watoto wa chini ya miaka mitano hawalipi. Malipo hayafanywi kwa noti mkononi. Unapewa namba ya malipo na kulipa kwa simu au benki, na nilimshauri mweka hazina alimalize hilo mjini, kwenye mtandao wa uhakika, badala ya kusimama langoni ameinua simu juu kama anayetafuta mwezi wa Ramadhani.

Huyo shemeji alikuwa na habari nzuri kuliko zetu sote. Milima ya Taita, anayoiona akiwa kwao, ni mwanzo wa safu ile ile inayoishia Udzungwa. Wataalamu wanaiita Tao la Mashariki: inatoka Taita, inaingia Tanzania kwa Upare na Usambara, inapita Nguru na Uluguru hapa nyumbani kwangu, na mwisho wake kusini-magharibi ni Udzungwa, sehemu kubwa kuliko zote. Ni milima ya zamani sana, na kwa kuwa misitu yake imekaa muda mrefu ikitengana kama visiwa, kila mmoja umelea viumbe wake. "Basi sijatoka kwetu," alisema shemeji. "Nimehamia chumba cha uani."

Mwingine alitaka tuje kwa treni ya TAZARA, ambayo ina kituo Mang'ula. Ni wazo zuri kwa mwenye muda. Siku zake hazikulingana na ruhusa zetu.

Tukaenda kwa barabara: Morogoro, kisha ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara kuu inakatiza kati ya twiga na pundamilia na dereva anakumbushwa kwa matuta na kwa bango la faini za kugonga mnyama. Mji wa Mikumi tukakata kushoto kuelekea Kidatu. Kuanzia hapo nchi inabadilika. Mto, daraja, harufu tamu ya kiwanda cha sukari, miwa hadi macho yanachoka, na upande wa kulia mlima umesimama wima kama umesukumwa jana. Kati ya mlima na miwa pamebaki ukanda mwembamba, na kwenye ukanda huo kuna vijiji, reli, mashamba ya mpunga, shule na makaburi. Mama mdogo alihamia kiti cha dirishani. Mwendo mrefu hakusema kitu, kisha ghafla akapiga kelele: "Ule pale!" Dereva alikanyaga breki akidhani kuna mtoto barabarani. Ulikuwa mstari wake mweupe.

Asubuhi ya pili, saa moja, tulikuwa kituoni Sanje. Waongozaji wetu walikuwa wawili, mwanamume wa makamo aliyeshika bunduki, na kijana mwenye jezi chini ya koti la kazi. Yule wa makamo alitoa maelezo mafupi: tusitupe kitu, tusipige kelele, asiyeogelea asijaribu kujifunza leo, na juu kule hakuna mtu kusogea ukingoni kwa ajili ya picha, kwa sababu mwamba unaoonekana mkavu hupata ukungu wa maji na kuteleza. Alisema hilo la picha mara mbili, akiwatazama vijana wetu. Bunduki ni kwa ajili ya tembo na nyati. Wapo, ingawa mgeni anaweza kutembea siku nzima akaona kinyesi tu.

Ndani ya msitu tuligawanyika mapema kuliko nilivyotegemea. Vijana walitangulia na mwenye bunduki. Nyuma tukabaki mama mdogo, shemeji wa Voi, mimi na yule kijana. Nilikuwa nimeamua tangu nyumbani kwamba mratibu atakaa nyuma. Hili nalipendekeza kwa yeyote anayepangia watu safari: mpango wako unaonekana vizuri ukiwa mkiani. Kule mbele unaona mandhari tu.

Tulitembea kwa mwendo wa goti. Hatua kumi, kusimama. Mtu mwenye haraka angeliita hilo adhabu, lakini msitu ule haupendi wapita njia. Tulipokuwa tumesimama ndipo tulipowaona mbega wekundu, wale wa Udzungwa, wakirukaruka juu na nywele zao za kichwa nyekundu kama waliopaka hina. Hawapatikani popote duniani isipokuwa milima hii na bonde lililo chini yake. Kundi la mbele, tuliambiwa baadaye, halikuona hata mkia.

Na tulisikia sauti nyingine, nzito, kama mtu anayeita mwenzake ng'ambo ya mto. Kijana akainua kidole. Alikuwa ni yule nyani mdogo ambaye vitabuni ameitwa kwa jina la maporomoko haya haya, mangabi wa Sanje. Kisa chake kinafurahisha. Mwaka 1979 watafiti waliokuja kuchunguza mbega walisikia sauti wasiyoijua. Mwenyeji aliyekuwa akiwaongoza akawaambia, bila mshangao wowote, kwamba huyo ni n'golaga. Dunia ya sayansi ikawa imegundua nyani mpya. Wenyeji wakawa wamegundua kwamba dunia ilikuwa haijui.

Hifadhi yenyewe ni changa kuliko wengi wetu tuliokuwa njiani. Ilianzishwa 1992, ikiwa na ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, na aliyeizindua rasmi alikuwa Prince Bernhard wa Uholanzi. Maporomoko madogo yaliyo jirani na makao makuu yana jina lake. Kabla ya hapo upande huu ulikuwa msitu wa akiba wa Mwanihana.

"Mwanihana!" mama mdogo alidakia. "Hilo ndilo jina. Tulikuwa tunaingia huku kuni."

Tulikuwa tumefika mahali njia inapofunguka, na maji yanaonekana kati ya miti. Maporomoko ya Sanje yana mita 170 kwa jumla na yanashuka kwa awamu tatu. Kutoka pale tuliona kipande kimoja tu, kikitosha kabisa. Ubaridi ulikuwa unatufikia usoni. Mama mdogo alitafuta jiwe, akakaa, akanyoosha mguu wa kushoto, akatangaza kwamba amefika. Hakuna aliyembishia, kwa sababu hilo nalo lilikuwa kwenye mpango. Alipopita askari mwingine aliyekuwa akielekea juu, shemeji alipanda naye kuwafuata wengine. Mimi nilibaki.

Hapo ndipo mazungumzo ya kuni yalipoanza, na sidhani kama kule juu kulikuwa na kitu cha kuyazidi.

Kijana alikuwa mzaliwa wa vijiji vya pale pale. Alieleza kwamba hata baada ya hifadhi kuanzishwa, wanakijiji waliendelea kuruhusiwa kuingia siku maalumu za wiki kuokota kuni kavu. Mama yake alikuwa mmoja wao. Ruhusa hiyo ilifutwa 2011.

"Mti umekufa wenyewe, umeanguka wenyewe," alisema mama mdogo. "Utaoza. Kwa nini asiuchukue mtu mwenye sufuria?"

"Ukioza ndiyo chakula cha huu uliosimama, mama. Na waliokuwa wanaingia kwa kuni kavu, wengine walitoka na nguzo mbichi katikati ya mzigo. Wengine walitega nyaya."

"Wanawake wanatega nyaya?"

"Sikusema wanawake."

"Lakini waliofungiwa ni wanawake."

Kijana alicheka, akavua kofia akaivaa tena. Akasema sasa watu wanapanda miti pembezoni mwa mashamba, wengine wana majiko banifu, mwenye hela ananunua mkaa. Akasema maji ya mashamba ya mpunga na ya mabomba ya vijiji yanatoka kwenye msitu huu, kwa hiyo kuulinda ni kumlinda mama yake yule yule. Ilikuwa hoja nzuri, na aliitoa kama mtu aliyeitoa mara nyingi.

"Nakusikia," alisema mama mdogo. "Ila niambie. Siku ile ya kwanza walipofunga, mama yako alipika kwa nini?"

"Kwa maneno," kijana alijibu. "Maneno mengi sana."

Wote wawili wakacheka hadi mama mdogo akashika goti.

Nimesoma makala nyingi kuhusu maporomoko yetu, na karibu zote zinaanzia langoni na kuishia kwenye maji. Ukanda ule mwembamba kati ya mlima na miwa, wenye watu waliokuja kutoka pande zote za nchi kufuata sukari, reli na mpunga, haumo. Mimi naona ni haki mgeni aujue kabla hajalipa kiingilio, maana sehemu ya gharama ya maji anayokwenda kuyapiga picha ililipwa na mtu ambaye jikoni kwake kulikosa kuni. Sisemi ruhusa irudi. Nilivyouona msitu ule, sioni utavumilia mizigo ya vichwani kutoka vijiji vyote vile. Lakini kufunga mlango ni kazi ya siku moja, na kutafuta jiko jingine ni kazi ya miaka, na mara nyingi zinapangwa na watu wawili wasiojuana.

Juu nilikuja kupanda safari nyingine, na bonde zima la Kilombero lilikuwa limelala chini: miwa imekatwa kwa mistari, reli, mabati ya vijiji yanang'aa. Ni pazuri. Mwenye miguu apande.

Vijana walishuka saa sita mchana, nywele zimelowa, mmoja amepasua soli ya raba mpya kabisa aliyoinunua Kariakoo kwa ajili ya safari hii. Tulikula mayai ya kuchemsha na chapati nje ya kituo. Jioni, kwa waliobakiwa na nguvu, tuliwapeleka kwenye yale maporomoko madogo ya Prince Bernhard, mwendo mfupi kutoka ofisini. Mama mdogo aliyafikia hadi mwisho, akachovya miguu, akasema mtoto wa mfalme amepewa kidogo lakini amepewa panapofikika.

Kesho yake mweka hazina alitusomea hesabu, na kwa mara ya kwanza katika historia ya ukoo wetu pesa ilibaki. Hakuna aliyejua la kufanya. Kurudisha kwa simu, makato yangekula nusu. Mmoja akapendekeza fulana; akazomewa. Mwishowe tukasimama Mang'ula kununua mchele wa Kilombero, na hapo ukazuka ubishi mpya: ugawiwe kwa kichwa au kwa kaya, na je, aliyechanga nusu apate nusu?

"Upimwe kwa wanaokula nyumbani," alisema mama mdogo, "si kwa waliochanga."

Shemeji wa Voi, mwenye watoto wanne, aliunga mkono haraka kuliko inavyopendeza. Tukaazima sado ya muuza duka, tukapima pale pale barazani, mwenyekiti akiandika, katibu akisimamia isitikiswe. Ya mwisho haikujaa, na kwenye kundi hadi leo kuna anayedai kwamba ilikuwa zamu yake.